Mama Roselyne na Gitaa la Mkwewe

Habari za lile kundi la muziki, Familia ya Vihiga, niulizeni mimi, msiwaulize hao wanaojidai walikuwepo. Siku hizi kila Mkenya aliyefika Birmingham miaka ya sitini atakuapia kwamba alicheza kwenye dansi zao. Uongo mtupu! Ukumbi wenyewe tuliazimwa na kanisa, haukutosha hata watu mia, na nusu ya waliokuja walifuata chapati.

Mwenye kundi aliitwa Gertrude, lakini sisi sote tulimwita Mama Roselyne kwa jina la binti yake wa pekee. Alikuwa mjane kutoka Vihiga, Mmaragoli, aliyekuja Uingereza kama yaya wa familia moja ya wamishenari wa Kikweka, wale wa kanisa la Quaker. Watoto walipokua akabaki, akapata kazi ya kufua mashuka katika hospitali kubwa karibu na Harborne. Mimi nilimkuta hapo nilipokuja kusomea uuguzi mwaka wa sitini na sita, na Jumapili yangu ya kwanza alinipeleka kwenye ibada ya Wakweka wenzake. Jamani! Watu wameketi, kimya. Hakuna mhubiri, hakuna wimbo, saa nzima. Nikamnong'oneza, "Mchungaji amechelewa?" Akanifinya. "Hawa wanamsikiliza Mungu. Kwetu sisi tunamwimbia. Tulia." Tulipotoka nje tu akaanza kuimba, pale pale kwenye baridi, kama mtu aliyekuwa amezuiwa kukohoa.

Sauti yake sijui niielezeje. Haikuwa kubwa. Ilikuwa nzito kidogo, yenye ukungu ndani yake, na ukiisikia unajikuta umesimama na sufuria mkononi, umesahau ulikuwa unaipeleka wapi.

Roselyne, ambaye alikuwa mwanafunzi wa uuguzi kama mimi, aliigonga na kuikwaruza chupa ya Fanta kwa msumari, jinsi wafanyavyo kwao. Gitaa alilipiga Shem. Huyu alikuwa kijana wa Vihiga pia, fundi wa mabehewa ya treni kule Tyseley, hana ndugu hata mmoja mji mzima. Mama Roselyne alimwita mwanangu. Alimpikia ugali, alimshonea vifungo, alimkaripia akichelewa mazoezi. Na wakianza kupiga, mama anaimba kama anayeuliza swali na gitaa linamjibu. Akivuta pumzi, gitaa linamsubiri. Niliwahi kufumba macho ukumbini nikaona kama mvua inakuja kutoka mbali, na sikutaka mtu aniguse.

Basi mwaka wa sitini na nane Shem akamwoa Roselyne. Tulishangilia mpaka majirani wakaja kugonga mlango. Na hakuna aliyewaza mbele, hata wao wenyewe, watu wazima na akili zao! Keki ilipokwisha kukatwa, kundi likawa limekufa.

Kwa Wamaragoli, mama mkwe na mume wa binti yake hawazoeani. Hawaketi chumba kimoja, hawashikani mikono, hawatazamani usoni. Ndiyo heshima yenyewe, na Ukweka wao haukuigusa. Kwetu Kiambu heshima ipo, lakini haifiki huko. Kwa hiyo Shem alipokuwa mtoto wa watu alikula kwa mama huyu kama mwanawe, na siku alipokuwa wa familia kweli, akawa mtu wa kukimbiwa. Nilichukia sana. Nilimwambia Mama Roselyne wazi kwamba wameacha Vihiga ng'ambo ya bahari, hapa hakuna wa kuwachunga. Akaniuliza, "Kwani mimi naishi kwa kuchungwa?"

Wenye harusi walipata nyumba ya halmashauri ya jiji, mtaa wa Newtown, ghorofa ya juu kabisa. Mama akija kuwaona wajukuu, Shem anashuka kwa ngazi ili mama apande kwa lifti. Siku moja mambo yalikwenda kombo. Nilikuwa na mama ndani ya lifti tunashuka, milango ikafunguka chini, na huyo hapo Shem na mfuko wa viazi. Mama aliona viatu vyake tu. Akageuka, akabandika uso kwenye ukuta wa lifti, akajitupia shali kichwani. Shem naye akageukia ukuta wa nje. Milango ikajifunga, tukapandishwa juu tena sisi wawili, mimi nacheka mpaka mbavu zinauma, yeye ameninunia.

Wakitaka kusemezana, ilikuwa kupitia mlango. "Mkwe, umeshindaje?" "Salama, mama. Miguu inaendeleaje?" Mlango katikati, umefungwa. Walisalimiana hivyo miaka minane, na gitaa likakaa juu ya kabati.

Kisha ukaja mwaka wa sabini na sita na lile joto lake. Nyasi za bustani ziligeuka rangi ya mahindi makavu, lami ikanata viatuni, watu wakatembea polepole barabarani kama wanaota. Madirisha yote ya Newtown yalikuwa wazi na ungeweza kusikia redio ya mtu usiyemjua ikiimba mahali fulani juu, karibu na mawingu yasiyokuwepo. Wakati huo mimi nilikuwa sista wa wodi. Rovu la Mama Roselyne, alilolibeba shingoni tangu ujana bila kulijali, likaanza kumkaba pumzi. Daktari alisema lazima litolewe. Akamwambia pia, bila kumficha, kwamba mshipa wa sauti unapita papo hapo, na anaweza kuamka bila sauti.

Nilidhani atalia. Aliniuliza, "Kurekodi santuri huchukua muda gani?"

"Santuri gani tena, mama?"

"Kubwa. Ile ndogo tuliyoitoa kabla Shem hajaoa imekwaruzika, haisikiki. Wajukuu zangu nawasemesha kwa Kiswahili, wananijibu kwa Kiingereza. Nataka wawe na kitu cha kuwaambia nilikuwa nani." Akajishika shingo. "Kabla sijaingia chumba cha kupasuliwa, Nyokabi. Siyo baada."

Nikampigia Shem simu. "Dada Nyokabi, nitapiga hata vidole vitoke damu. Lakini tutapigaje?"

Kulikuwa na Ranjit, Kalasinga mzaliwa wa Kisumu, mwenye duka la kutengeneza redio kule Tyseley. Nyuma ya duka alikuwa na chumba kidogo cha kurekodia, kuta amezibandika trei za mayai na mablanketi. Alirekodi nyimbo za harusi za Kipunjabi na kwaya za kila aina. Nilipomweleza, alisema jambo ni rahisi. Shem arekodi gitaa lake na Roselyne chupa yake leo. Kesho mama aje peke yake, avae spika ndogo za masikioni, aimbe juu ya gitaa lililokwisha kurekodiwa. Nikashusha pumzi. Mashine zimetuokoa, nikasema.

Kesho yake mama akaja, akavishwa zile spika, akaimba. Kila noti ilikuwa mahali pake. Na ilikuwa imekufa! Niliketi pale nikiomba Mungu nisikie tofauti, lakini ndivyo ilivyokuwa. Mama mwenyewe akazivua katikati ya wimbo.

"Gitaa hili halinisikii," akasema. "Navuta pumzi, halinisubiri. Naimba na mtu aliyelala."

"Basi ingia naye chumbani muimbe!" Nilipandwa na hasira, siwezi kuficha. "Wiki ijayo unapasuliwa shingo, mama! Mtu na mkwewe, kuna nini cha kufa? Nani atajua?"

"Roselyne atajua." Aliongea taratibu kama anayembembeleza mtoto. "Nikimzoea mumewe, siku watakayogombana nitaingia kati, nitaona makosa yake, nitasema. Nikiwa mbali, nyumba yao ni yao. Hii ndiyo zawadi niliyompa binti yangu, sikuwa na nyingine. Unataka niivunje kwa ajili ya wimbo?"

Aliyejibu ni Ranjit, ambaye muda wote alikuwa akijisafishia miwani kwa ncha ya shati. "Sista, wewe huelewi. Nyanya yangu alijifunika uso mbele ya baba mkwe wake mpaka mzee alipokufa. Lakini kila asubuhi alimpigia kelele kutoka jikoni kwamba chai imeiva, na mzee anajibu." Akasimama. "Mama, jikoni hapa panafaa?"

Jumamosi tukarudi wote. Ranjit alivuta waya wa maikrofoni hadi jikoni kwa mkewe, Paramjit, na Paramjit akatundika shuka mlangoni. Shem na Roselyne wakaketi chumba cha trei za mayai, mlango wazi, Shem ameipa shuka mgongo. Mama akasimama kati ya jiko na sinki, amevua viatu kwa ajili ya joto. Nami nikaketi kwenye gunia la unga, mahali nilipoweza kuwaona pande zote mbili.

Shem akagusa nyuzi. Mama akavuta pumzi, na gitaa likasubiri.

Sijui nilikaa pale muda gani. Shuka ilikuwa inapumua kwa upepo mdogo wa mchana, inaingia, inatoka. Mama aliimba nyimbo za kuvuna wimbi, yaani ulezi, akaimba za kanisani, akaimba moja ya kubembelezea watoto ambayo Roselyne alikuwa ameisahau, na chupa ya Fanta ikasita, kisha ikakumbuka. Harufu ya bizari, mwanga wa njano ukutani, vumbi linaelea ndani yake bila haraka. Kuna wakati nilimwona mama ametabasamu kwa kitu ambacho gitaa lilisema, na ng'ambo ya shuka, Shem aliyegeuza mgongo, ametabasamu vilevile. Paramjit alikuwa ameacha kukanda unga. Nililia, na sikujua nalia nini, nilikuwa na furaha tu iliyozidi kipimo.

Santuri ilitoka kabla ya Krismasi. Ukiisikiliza vizuri utasikia birika likichemka mwisho wa wimbo wa tatu. Ranjit alitaka kuliondoa, nikamwambia athubutu.

Lakini nirudi nyuma: siku ya kupasuliwa, wiki moja baada ya kurekodi, nilikuwa zamu kwenye wodi aliyolazwa. Rovu lilitoka lote, salama, daktari akafurahi. Asubuhi yake mama akafungua macho, akaniona, akafungua kinywa kunisalimu. Ukatoka upepo. Akajaribu tena. Upepo. Daktari alisema labda sauti itarudi, labda haitarudi, tusubiri. Mama aliitikia kwa kichwa, kwa adabu, kisha akageukia dirishani. Nilimvutia pazia kuzunguka kitanda ili awe peke yake, nikaketi naye ndani.

Saa za kuwaona wagonjwa zilipofika nikasikia viatu vizito vikija, vikasimama nje ya pazia. Roselyne alikuwa kazini kwake. Shem alikuwa ameomba ruhusa karakana.

"Mama, ni mimi, Shem. Umeamkaje?"

Mama alifumba macho.

"Mama?" Akangoja. Alikuwa amezoea kungoja, maskini. Siku zote hizo, nyuma ya mlango wowote, jibu lilikuja. "Mama, watoto wanakusalimu. Nijibu basi, hata kwa kukohoa."

Hakukuwa na kitu. Nikasikia pumzi yake imeanza kukatika pale nje, ya mtu anayedhani ameletwa kuangalia maiti. Nikafungua kinywa nimjibie. Mama akanishika mkono kwa nguvu, akatikisa kichwa. Akakaa kitandani taratibu, bendeji shingoni, akanyoosha mkono, akalishika pazia. Nikamwona akisita. Najua alikuwa anamwaza Roselyne.

Kisha akalivuta, akalifungua lote.

Shem aliruka nyuma, akajifunika uso kwa kofia. Mama akagonga chuma cha kitanda kwa pete yake, mara moja, akagonga tena, mpaka kofia ikashuka. Wakatazamana. Yule kijana ambaye mama alimshonea vifungo sasa alikuwa na upara, kichwa kizima kinang'aa kama sahani, na hakuna aliyewahi kumwambia mama. Mama alikitazama kichwa kile, mabega yake yakaanza kutikisika, akacheka mpaka akashika bendeji, bila sauti hata kidogo. Akamwonyesha kiti. Na Shem akaketi mbele ya mama mkwe wake, mtu mzima, akalia kwa sauti wodi nzima ikasikia.