Debe Lililovaa Sweta

Manyoya ya kondoo yalipokosa soko kule juu ya Sachangwan, wengi waliyachoma. Cheptoo aliyajaza kwenye magunia akayarundika kando ya zizi. Kitu kinachomweka kondoo hai kwenye baridi ya Molo, alisema, hakiwezi kuwa takataka.

Kisha ikanyesha mvua ya mawe. Kesho yake, jua likiwa kali, aliinua gunia moja lililoangukia shambani akakuta chini yake barafu bado nzima. Alichuchumaa akaitazama. Kumbe manyoya hayaleti joto! Yanazuia tu: la nje lisiingie, la ndani lisitoke.

Jioni hiyo akachukua sindano. Debe lake la maziwa lilikuwa la aluminiamu, ambalo hupoa upesi likitiwa kwenye maji ya chemchemi, na hupata moto upesi vilevile likiachwa juani. Akalishonea sweta nene ya manyoya, na kofia juu. Tangu hapo, kila alfajiri alilipoza kwanza kwenye chemchemi, kisha akalivalisha.

Jirani yake Mathenge alicheka hadi akashika uzio. "Mama Micah, unavalisha maziwa sweta? Si yataiva!"

"Wewe ngoja."

Basi siku moja trela likapinduka barabarani, lori la maziwa likakwama nyuma yake tangu asubuhi. Wafugaji walisubiri juani. Wenye mitungi ya plastiki walifungua vifuniko, wakanusa, wakavifunga upesi. Lori lilipofika alasiri, Awuor, msichana anayepima maziwa, aliyakataa ya Mathenge, yameganda. Akayakataa ya wengine wengi. Akafika kwa Cheptoo, akavua ile kofia, akagusa debe.

"Mama, hii umetoa kwa friji?"

"Nimetoa kwa kondoo," Cheptoo akajibu kwa sauti, mikono kiunoni.

Watu wakaangua kicheko, lakini safari hii walikuwa wanamtazama yeye kwa macho mengine. Alirudi nyumbani debe tupu likining'inia mkononi, akiimba.

Mathenge alimfuata njiani. "Nishonee mimi pia."

"Leta manyoya. Na usichome tena."

Siku hizi hoteli moja ya Salgaa imemwagiza vifuniko vya manyoya vya kuvalisha birika, madereva wa malori wapate chai moto saa yoyote. Kila kifuniko hukishonea jina lake mbele kwa uzi mwekundu, CHEPTOO, herufi kubwa kubwa, hata aliye meza ya mwisho alisome.