Senene wa Baba Mkwe

Nilirudi hapa Munyaka, mtaa wa Eldoret, kutoka Kampala nikijiona mtaalamu wa Uganda. Huko nilionja senene waliokaangwa kando ya barabara, wale panzi watamu, nikaapa lazima baba mkwe naye awaonje. Nikabeba mfuko mzima bila kuuliza kama wamepikwa. Njiani mfuko ulikuwa unatikisika, nikalaumu barabara.

Jumapili wakwe wakaja. Baridi ya Eldoret ilikuwa imewalaza senene kimya, nikawamwaga kwenye hotpot na kuiweka karibu na jiko wapate joto.

Mke wangu akachungulia. "Baba Chebet, mbona wana mabawa?"

"Ndivyo wanavyoliwa huko. Wacha ushamba."

Mzee akasimama kuomba. Maombi yake huwa marefu, nami nikafunua hotpot mapema ili baraka ziingie vizuri, nikafumba macho.

Nikasikia mama mkwe akipiga meza kwa kiatu. Nilipofumbua macho, senene walikuwa kwenye pazia, kwenye chai, na mmoja mkubwa katikati ya kipara cha Mzee.

Yeye hakufumbua macho. "Na mwisho, Baba, mwambie mkwe wangu atoe chakula chake kichwani mwangu. Amina."