Sindano Ishirini na Sita za Ocen

Filda Layado alikuwa na ulimi mkali, na mimi niliyeimba naye kwaya ya parokia miaka sita nina haki ya kusema hivyo. Alikuwa mfupi, mwepesi wa kutembea, na hakuwa na subira na mtu anayeuliza jambo lilelile mara mbili. Ulimi huo ndio uliompatia kazi. Watu wa utafiti wa moyo walipofika upande wetu wa Kitgum walitaka mtu wa kuwatoa watoto majumbani siku za sindano, na kila aliyeulizwa alimtaja Filda, wengine kwa kumsifu, wengine ili awaondokee kidogo.

Hakuichukua kazi ile kwa ajili ya mshahara tu. Mdogo wake, Kilama, alifia kwenye kambi ya wakimbizi wakati wa vita akiwa na miaka kumi na minne. Alianza kuumwa koo, wakamsugua shingo kwa mafuta ya mti wa yaa, koo likapona. Wiki chache baadaye yakavimba magoti, yakapona nayo. Halafu pumzi ikaanza kumkatika. Hakuna hata mmoja wetu aliyejua kwamba koo na moyo vina uhusiano. Watu wa utafiti walipomweleza Filda kwamba vijidudu vya kooni vikirudi mara kwa mara mwili wenyewe huishia kuviharibu vilango vya moyo vinavyopitisha damu, na kwamba sindano moja ya penisilini kila wiki nne inavizuia visirudi, alilia mbele ya wageni. Kisha akawakemea kwa kuchelewa.

Picha za moyo zilipigwa shuleni nilikofundisha. Mimi ndiye niliyepanga foleni, na pacha wa Karmela Atto, Opiyo na Ocen, walikuwa wa darasa langu. Walikuwa na miaka tisa, na walifanana kiasi kwamba nilikwisha kukata tamaa ya kuwatofautisha. Moyo wa Opiyo ulionekana safi. Kwenye kilango kimoja cha moyo wa Ocen palionekana alama ndogo, ambayo bado haikuwa imemsumbua. Basi ikaamuliwa Ocen achomwe sindano kila wiki nne kwa miaka miwili, mara ishirini na sita, alama ile isikue. Opiyo angoje tu picha ya mwisho.

Filda aliniomba nimsindikize kwa Karmela, maana mjane yule alikuwa ananisikiliza kidogo kama mwalimu wa watoto wake. Kwetu mama wa pacha haitwi jina lake, anaitwa Min Rut, na heshima hiyo ina masharti. Ukimnunulia mmoja kaptula, umenunua mbili. Mmoja akipewa yai, la pili litafutwe hata kwa jirani. Mwenye kubagua pacha anauita msiba nyumbani, na hakuna ajuaye utamwangukia yupi. Filda aliyajua hayo yote. Ni Mwacholi kama mimi.

Karmela alisikiliza mpaka mwisho, mikono yake ikiendelea kubangua karanga.

"Sindano nimekubali," akasema. "Ila uwachome wote wawili."

"Opiyo haumwi, Min Rut."

"Sijasema anaumwa. Nimesema ni pacha."

"Dawa hii si karanga za kugawana," Filda akasema. "Imeandikwa jina la mtoto. Nikianza kuchoma watoto wazima kwa sababu ya mizimu ya watu, kesho natimuliwa. Nipe Ocen, au niambie hapana niende zangu."

Karmela aliniangalia mimi. Nikainamisha kichwa, nikajitia kutengeneza kamba ya kiatu. Mwishowe akasema sawa, Ocen atakuja. Njiani Filda aliniambia kwamba watu wa namna hiyo ukiwalegezea kidogo tu wanakupanda kichwani. Nikacheka. Nalisema hili kwa sababu mara nyingi wanaosimulia habari hizi humtaja Filda peke yake.

Sindano ile ni nzito, huingia polepole, na mtoto huchechemea kutwa nzima. Akina mama wengine waliwaficha watoto kwenye mashamba ya simsim, wengine walisema mtoto kaenda kwa mjomba. Karmela hakuficha mtu hata siku moja. Filda akifika na baiskeli, alimkuta mtoto ameshaogeshwa, amepakwa mafuta, anamngoja njiani na kadi yake mkononi. Kwenye zahanati, muuguzi Oringa aliitazama kadi, akauliza jina, mtoto akajibu Ocen, akalala kwenye benchi akachomwa. Hakuwahi kulia. Miaka miwili ilipokwisha hesabu yake ilikuwa kamili, ishirini na sita kwa ishirini na sita, na katika watoto wote wa Filda hakuna mwingine aliyefikia hapo. Kwenye mkutano wa utafiti walilisoma jina la Filda mbele ya watu, wakampa mwavuli.

Mimi darasani nilikuwa naona mengine. Opiyo akipewa adhabu ya kulima kiwanja, aliyekuja na jembe alikuwa Ocen. Ocen akiitwa ubaoni kwenye hesabu, aliyesimama ni yule aliyezijua. Walimu wenzangu walikuwa wanavunjika mbavu nikiwasimulia. Filda sikumsimulia. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini, na sina jibu zaidi ya kwamba nilikuwa mjinga.

Wiki ileile ya sindano ya mwisho Ocen alianza kuumwa koo. Baada ya siku kama kumi na tano likavimba goti la kushoto, kisha la kulia, kisha kifundo cha mkono, kila kimoja kikipona ndipo kingine kinaanza. Alipopigwa picha ya mwisho, daktari wa utafiti aliitazama kwa muda mrefu kuliko za wengine. Kilango kilikuwa hakifungi tena. Damu iliyotakiwa kwenda mbele ilikuwa inarudi nyuma.

Hapo ndipo maswali yalipoanza. Mtoto aliyechomwa mara zote ishirini na sita hakutakiwa kuharibika hivyo. Daktari aliwaita Filda na Oringa, akawauliza kwa adabu kama kuna siku dawa ilipungua. Maana yake ilieleweka. Walikuwa wanashukiwa kuuza penisilini na kuwachoma watoto maji. Filda aliondoka pale kwa hasira, akapanda baiskeli moja kwa moja hadi kwa Karmela, apate ushahidi wa kuwatupia usoni.

Karmela alikuwa ameenda kisimani. Ocen alikuwa ndani, amelala. Filda alimkuta Opiyo uani, akamuuliza kama kuna mwezi wowote ndugu yake alikosa sindano.

"Hajakosa," Opiyo akasema. "Zake ni kumi na tatu. Na mimi kumi na tatu. Mama anahesabu."

Alilisema wazi, bila hofu, kwa kuwa hakuona kosa lolote ndani yake. Filda aliniambia kwamba alikaa chini palepale, na alikuwa bado chini Karmela alipoingia na maji kichwani.

"Umekuwa ukimtuma Opiyo kwa jina la Ocen," Filda akamwambia.

Karmela aliutua mtungi kwanza. "Mwezi huu mmoja, mwezi ujao mwingine. Sikumwibia mtu dawa yake."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuambia. Siku ya kwanza kabisa, mwalimu akiwa amekaa hapo. Ukasema si karanga."

Filda alilazimika kumweleza kwamba kinga ya sindano ile haifiki wiki nane, na kwamba kila mwezi wa Opiyo ulimwacha Ocen wazi. Karmela aliuliza kama anataka kusema yeye ndiye aliyeuharibu moyo wa mwanawe. Filda akasema hapana. Karmela akamwambia aseme tu, kama ndivyo alivyokuja kusema.

Keshoye, baada ya mazoezi ya kwaya, Filda aliniletea ripoti yake nimsahihishie. Ilisema mama wa mtoto aliudanganya utafiti. Niliisoma nikamrudishia bila kusahihisha kitu, kwa kuwa kila kilichoandikwa kilikuwa kweli na bado nilikuwa naona haya. Aliichana mbele yangu. Akaandika nyingine palepale kanisani: kwamba mama aliomba wote wawili wachomwe, kwamba yeye Filda alikataa bila kumuuliza mkubwa yeyote, na kwamba sasa anauliza. Akaipiga picha, akaituma kwa simu kwa wakubwa wa utafiti, akaanza kufunga vitu vyake vya kazi, kwa kuwa alijua anafukuzwa.

Jibu lilikuja baada ya siku mbili, mistari mitatu. Mchomeni Opiyo pia, kama mama yake anataka na haimdhuru. Msimwingize tu kwenye hesabu za utafiti. Asante kwa kusema ukweli.

Filda hakufukuzwa. Nadhani angependelea wamfukuze.

Tangu hapo pacha walilazwa kwenye benchi moja, siku moja, kila mmoja na sindano yake. Ilifanyika mara nne. Jina la Ocen liliandikwa kwenye foleni ya upasuaji huko mji mkuu, foleni ya watoto wengi mno. Miguu yake ilijaa maji, akawa anapumua kama aliyetoka mbio hata akiwa ameketi. Alifariki asubuhi moja mvua za kwanza zilipoanza, Opiyo akiwa darasani kwangu. Mimi ndiye niliyemwambia afunge daftari aende nyumbani.

Wiki moja baada ya maziko tulikwenda kwa Karmela, Filda na mimi. Filda alikuwa amejiandaa kuomba msamaha, na aliuomba vizuri, bila kujitetea. Karmela alimsikiliza mpaka mwisho kama siku ile ya kwanza.

"Lile jibu la kukubali wachomwe wote wawili," akauliza, "lilichukua muda gani kuja?"

Nilitamani Filda adanganye. Angeweza kusema mwaka, na Karmela asingejua.

"Siku mbili," Filda akasema.

"Na hao watu, simu yao ulikuwa nayo tangu lini?"

"Tangu siku niliyoanza kazi."

Karmela hakutufukuza wala hakututukana. Aliinuka, akaingia ndani, akafunga mlango. Sisi tulibaki uani, hatujui kama tunangoja au tunaondoka, mpaka Opiyo alipotoka nyuma ya nyumba akatuambia kwamba mama yake hatatoka.