Redio Juu ya Kaburi la Baba

Niseme mwenyewe mapema, kabla baba mkubwa hajawasimulia na kutia chumvi: siku ya nne ya matanga ya baba, mchana kweupe, waombolezaji wakiwa uani wanakula, mimi niliichukua redio yake nikaenda kuiwasha juu ya kaburi. Sauti nilifungulia yote. Kwetu Nyakisasa, jirani na Burundi, siku za matanga jembe halishikwi na redio haiguswi. Nilikuwa najua. Lakini timu yake ilikuwa inacheza saa kumi.

Timu gani? Sitaji. Nikitaja, nusu yenu mtaacha kusoma hapa hapa.

Zamani zetu sisi, yaani miaka minane hivi iliyopita (msicheke, niko kidato cha tatu, na mimi nina zamani yangu), siku ya mechi ilianzia kwenye jiwe la kuanikia mihogo, nyuma ya jiko. Baba alipanga betri nne juani, akawa anazigeuza kama mtu anayegeuza dagaa, ili zipate nguvu ya kufikisha dakika tisini. Mbuzi akila mihogo, hakuna aliyeulizwa kitu. Kuku akiangusha betri, ilikuwa kesi. Watoto wa siku hizi wanaliona goli mara tano kwenye simu, na bado wananung'unikia bando. Sisi goli tulilisikia mara moja, tena nusu, maana stesheni za Burundi zilikuwa zinaingia katikati. Mtangazaji anasema, "Anageuka, anapiga shuti...", kisha tunasikia Kirundi na ngoma. Mpaka leo kuna mashuti sijui yaliishia wapi.

Baba alikuwa mkulima wa migomba na kahawa, na mtu wa nyumbani kupita kiasi. Mama alipojifungua mdogo wangu wa mwisho, baba alikwenda kisimani kufua nepi mwenyewe, mbele za watu. Wanaume wenzake, wanatoka kunywa rubisi, pombe yetu ya ndizi, wakamwamkia kwa dhihaka:

"Shikamoo, mama mzazi!"

Naye anakamua nepi, hata hakuinua kichwa: "Marahaba, wanangu. Mmekula?"

Wakati wa chakula alitupanga kama kikosi. Mama golikipa, kwa sababu hakuna uongo uliowahi kumpita. Dada beki. Mimi nilikuwa wa akiba, mpaka nitakapojifunza kunawa mikono bila kukumbushwa. Nilikaa benchi miaka mingi.

Sasa, nilipokuwa darasa la pili, ikafika mechi ya watani wenyewe, ile inayonunisha mtu na mkewe wiki nzima. Majirani walijaa uani kuizunguka redio. Mimi na dada tulikuwa tunachambua maharage. Nikaingiza punje moja puani, nione kama itatokea mdomoni. Haikutokea. Ikavimba. Kipindi cha pili ndiyo kwanza kinaanza, hawajafungana, mimi nikaanza kukoroma nikiwa macho.

Baba alinitazama. Akaitazama redio. Akanitazama tena. Kisha akanibeba, akanipakia kwenye baiskeli, redio akawaachia wageni. Kile kilima cha kwenda zahanati kila mtu hushuka akasukuma. Yeye alikikanyaga mpaka juu. Tulipofika katikati, kelele za goli zikalipuka huko nyuma, na hatukujua ni la nani.

"Baba, goli!"

"Mechi zipo kila wiki," akasema huku anahema. "Pua unayo moja. Pumua kwa mdomo."

Muuguzi alipolitoa harage kwa kibano, baba aliligeuzageuza kiganjani. "Tungeliacha lingeota," akasema, "tungevuna." Njia nzima ya kurudi hakumwuliza mtu matokeo. Tulipokutana na jirani yetu akitaka kuyasema, baba alimkatiza: "Ngoja kwanza huyu anywe uji."

Kwa hiyo siku ile ya nne, kwa akili yangu, niliona kuna kipindi cha pili kizima ambacho baba hakukisikia kwa sababu ya pua yangu. Nikakaa pembeni ya kaburi, udongo bado mbichi, mtangazaji anafoka, na pale Kirundi kilipoingia nikawa namkisia baba mpira uko kwa nani.

"Nani kawasha ledio?"

Ni baba mkubwa, aliyekuja msibani kutoka Nyamigogo, huko Biharamulo. Aliinyakua redio mkono mmoja, mkono wa pili akalinyakua sikio langu, akatufikisha uani sote wawili tukipiga kelele.

"Mtoto huyu anamchezea marehemu! Mimi naondoka naye. Shule basi. Akachunge ng'ombe Biharamulo, akapate adabu. Na ledio hii nakwenda nayo."

Wazee wakatikisa vichwa kukubali. Dada akaanza kulia. Babu mmoja wa ukoo ndiye aliyesema, "Msiba huu una mwenyewe. Mama yake aseme."

Siku hizi nyumbani ipo simu ya kupangusa. Hakuna anayeanika betri, jiwe limebaki la mihogo tu, na mbuzi anafukuzwa kweli. Matokeo yanaingia mfukoni kabla hujajiuliza, sauti safi, Burundi haiingilii. Ni raha, sikatai. Ila mdogo wangu anatazama mechi peke yake chini ya mgomba, na likiingia goli hana wa kumrukia. Mimi nilikuwa naye wa kumrukia, tena mwenye mabega mapana. Kila nikikumbuka namshukuru Mungu kwamba yule mzee alikuwa wa kwetu, hakuwa wa jirani.

Basi, mama. Alikuwa amekaa mkekani, kanga imemfunika mpaka kwenye paji la uso. Neno lake moja tu, nami nimeshakuwa mchunga ng'ombe. Alinyoosha mkono, baba mkubwa akampa redio. Akaifuta udongo kwa ncha ya kanga, polepole, kila kitufe. Halafu akaniangalia.

"Uliiweka upande gani?" akaniuliza. "Baba yako sikio la kulia lilikuwa halisikii."