Mwanamkasi Aliyeachwa na Shahidi

Mwaka wa 1936, hapo Mwingi, mwanamke mmoja aligundua kwamba ameachwa kwa talaka tatu na mwanamume ambaye hakuwahi kumwoa.

Usiruke mistari. Ukiruka mmoja tu, hutaelewa nani ni mume wa nani, na hata wao wenyewe ilifika mahali hawakuelewa.

Anaitwa Mwanamkasi binti Hamisi. Baba yake alikuwa mtu wa pwani aliyekuja bara na shehena ya chumvi, akakosa hamu ya kurudi. Mwanamkasi akazaliwa Mwingi. Kikamba chake kilikuwa safi kuliko cha baadhi ya wenyewe.

Mwaka wa 1931 aliolewa na Dubow, mfanyabiashara wa mbuzi kutoka kaskazini.

Dubow hakuwa mtu mbaya. Shida ni kwamba alikuwa mume wa barabara. Anakuja siku mbili, anapotea miezi mitatu. Na hizo siku mbili zenyewe anaongea na mbuzi kuliko anavyoongea na mkewe.

Mwaka wa 1934 wakakubaliana yaishe.

Wakaenda korti ya wenyeji. Sitasema ni ipi, kwa sababu wajukuu wa karani wake wako humu na wanasoma. Dubow akatamka talaka tatu mbele ya wazee. Karani akasema anataka shahidi wa kuandikwa.

Wakaangaza macho uani. Mtu aliyekuwa karibu ni Abdulkadir, fundi cherehani, aliyekuja kumletea karani suruali yake. Wakamvuta. Akasimama, akashuhudia, akaenda zake.

Dubow akahamia Kibwezi, akaoa mwanamke anayeitwa Isnino.

Mwanamkasi akabaki na biashara yake ya mahamri. Yule fundi naye akaanza kupita kununua mahamri kila asubuhi, hata siku ambazo ni wazi ameshiba.

Unajua ilivyoishia. Miaka miwili baadaye wakaenda kwa Maalim wa Mwingi kumwambia wanataka kuoana.

"Karatasi ya talaka iko wapi?" Maalim akauliza.

"Maalim, mji mzima unajua niliachwa."

"Mimi nimekuja mji huu mwaka jana. Leta karatasi."

Mwanamkasi akapanda lori la ngozi, akaenda kortini.

Karani alikuwa yuleyule, Ngumbau, kijana wa misheni mwenye tai shingoni kwenye jua la kupasua mawe. Alipenda kitabu chake cha korti kuliko watu wengi wanavyopenda ng'ombe wao. Akapekua, akafika 1934, akakohoa na kusoma.

"Abdulkadir bin Omari amemwacha mke wake Mwanamkasi binti Hamisi kwa talaka tatu. Sababu: mume hakai nyumbani, na akikaa haongei. Shahidi: Dubow."

Mwanamkasi akadhani amesikia vibaya. Akaomba isomwe tena. Ikasomwa tena, vilevile.

"Bwana karani, umewageuza. Dubow ndiye mume. Abdulkadir alikuwa shahidi. Alikuja kukuletea suruali."

"Mama, hii kitabu haikosei."

"Angalia basi cha ndoa."

Ngumbau akafungua kitabu cha ndoa. Hicho kilisema, waziwazi, kwamba Mwanamkasi aliolewa na Dubow mwaka wa 1931. Karani akatazama kitabu kimoja, akatazama kingine, kisha akamtazama Mwanamkasi kwa jicho jipya.

"Kumbe ulikuwa na waume wawili kwa wakati mmoja," akasema polepole. "Mama, hiyo ni kesi."

Mwanamkasi akaona ajali inakuja. Akaomba nakala ya talaka jinsi ilivyo, ikagongwa muhuri, akatoka mbio mbio kabla wazo la kesi halijamkaa jamaa kichwani.

Maalim akaisoma ile nakala, akavua miwani.

"Binti Hamisi, huyu ndiye Abdulkadir unayetaka akuoe?"

"Ndiye."

"Haiwezekani. Ameshakuacha mara tatu. Wewe ni haramu kwake mpaka kwanza uolewe na mume mwingine, naye akuache."

"Lakini huyu hajanioa hata mara moja."

"Muhuri huu hapa," Maalim akasema, kwa huruma kabisa.

Ungetegemea Abdulkadir asimame kama mwanamume. Yeye shida yake ikawa nyingine. Alisoma pale kwenye sababu, akasoma tena.

"Mimi siongei?" akauliza.

"Si wewe. Ni Dubow."

"Jina ni langu. Watu watasoma kwamba siongei."

Akanuna. Siku tatu nzima hakufungua mdomo.

Siku ya nne akapata akili, wakaenda kortini pamoja ili aape kwamba hakuwahi kumwoa. Ngumbau akawaambia kufuta kitabu cha serikali ni kufungwa, labda wazee waamue wenyewe. Basi Abdulkadir akasimama mbele ya wazee watatu, akaapa.

Mzee mkubwa akamtazama sana.

"Kijana, kama hukumwoa, kwa nini ulimwacha?"

Abdulkadir akainua tena mkono wa kiapo.

"Sikumwacha, mzee."

"Kwa hivyo bado ni mke wako?"

"Hapana. Ndiyo nataka kumwoa."

"Anataka kumrudia," mzee wa pili akawaelezea wenzake. Wote wakafurahi. Wakawapa baraka warudiane, wakamshauri Abdulkadir ajitahidi kuongea nyumbani, na kesi ikafungwa.

Lile neno kurudiana ndilo Maalim alilokuwa ameshalikataza.

Walirudi Mwingi juu ya magunia ya lori. Mwanamkasi hakulia. Alikuwa na miaka ishirini na sita, na mama yake Abdulkadir tayari alikuwa ameanza kutaja mpwa wake fulani wa Kitui, msichana asiye na karatasi za ajabu. Kila siku jina la yule mpwa lilikuwa linatajwa mapema kidogo.

Usingizi ukamkataa hadi wazo likaja, akiwa anakanda unga.

Akamwendea Maalim na mikono yenye unga.

"Maalim, tufuate kitabu. Kitabu kinasema nani amenioa?"

"Dubow."

"Na Dubow ameniacha?"

Maalim akafikiri. "Kwa kitabu, bado."

"Basi nina mume, na siye Abdulkadir. Huyo akiniacha leo, si nitakuwa nimeachwa na mume mwingine?"

Maalim akashika ndevu. Akazichana kwa vidole hadi unga ukakauka mikononi mwa Mwanamkasi.

"Na eda utakaa?"

"Nilikaa ya kwanza. Nitakaa na ya pili."

"Basi nenda ukaachwe," Maalim akasema, na kwa sauti yake ulijua naye amechoka.

Safari ya Kibwezi ilimchukua siku tano, nyingine kwa lori na nyingi kwa miguu, akilala Kalamba kwa muuza vyungu aliyeitwa Muthoki. Alimkuta Dubow karibu na mto, akinywesha mbuzi.

"Nimekuja uniache," akamwambia.

Dubow akageuka. "Mimi nilikuacha zamani."

"Kwa kitabu bado."

Akamweleza yote. Dubow akasikiliza akiwa ameegemea fimbo, na taratibu uso wake ukaanza kuchangamka.

"Kumbe miaka hii yote nina wanawake wawili," akasema, "na ninapikiwa na mmoja."

Kosa lake ni kwamba Isnino alikuwa nyuma yake na kibuyu cha maziwa.

Isnino alikuwa mwanamke mrefu, mpole wa sauti, na hiyo sauti ndiyo Dubow aliyoiogopa. Akaweka kibuyu chini, akamkaribisha Mwanamkasi, akampa maziwa, akangoja amalize kunywa. Kisha akamwambia mumewe, "Kesho tunaenda huko kortini. Sote."

"Na mbuzi?"

"Mbuzi wana akili. Watabaki."

Walipofika kortini, tatizo jipya. Ngumbau alitaka shahidi, na habari ilikuwa imezunguka soko lote kwamba katika korti ile ukishuhudia talaka, unaandikwa mume. Wanaume uani walipoona karani amechungulia mlangoni, waliinuka mmoja mmoja na kukumbuka kazi zao. Hata mzee mmoja kiwete alitoka kwa kasi.

"Andika mimi," Isnino akasema.

Ngumbau akasita.

"Mimi siwezi kuandikwa mume wake," Isnino akamtuliza. "Andika."

Dubow akatamka talaka. Na hapo Mwanamkasi akapatwa na jambo ambalo hakulitarajia. Mara ya kwanza, mwaka wa 1934, alikuwa na hasira, hakuyasikia maneno. Safari hii aliyasikia moja moja. Dubow aliyasema kwa upole, akitazama chini, kama mtu anayerudisha chombo cha jirani. Akaona jinsi mvi zilivyomwingia pembeni mwa masikio. Akageukia ukutani, akajifuta uso kwa ncha ya kanga.

"Nisomee," akamwambia karani.

Akasomewa. Mume, Dubow. Mke, Mwanamkasi. Shahidi, Isnino. Akataka mara ya pili, na ya tatu. Muhuri ukapigwa, nakala ikaingia kwenye kanga na fundo likafungwa.

Walikuwa wanainuka Isnino aliposema, "Na mimi nisomewe. Nimeandikwa wapi?"

Dubow akasema ni heri waondoke, jua ni kali.

"Aliniambia 1934 ndoa yetu ameiandikisha hapa, akipita na mbuzi," Isnino akamwambia karani, bila kumtazama mumewe. "Tafuta."

Ngumbau akatafuta 1934. Akatafuta 1935. Akalamba kidole, akarudi nyuma hadi 1933, kwa kuwa alikuwa mtu wa haki.

"Mama, haumo."

Isnino akamgeukia mumewe.

"Nilikuwa na haraka," Dubow akasema. "Mbuzi walikuwa barabarani."

Isnino akatikisa kichwa kama mtu aliyejibiwa swali la miaka miwili. Akajifunga shuka vizuri.

"Karani, kwa kitabu chako, mimi ni mke wa mtu?"

"Kwa kitabu, hapana."

"Basi sihitaji talaka," akasema, na akatoka. Hakukimbia. Alimuuliza Mwanamkasi kama lori la Mwingi lina nafasi, maana ana kaka huko, wakaondoka pamoja.

Dubow aliingia kortini asubuhi ile na wake wawili. Saa sita mchana alikuwa hana hata mmoja.

Mwanamkasi alikaa eda yake ya pili ya mume yuleyule, akaolewa na Abdulkadir. Yule mpwa wa Kitui alikuja harusini na akala vizuri. Abdulkadir aliogopa sana kuitwa mtu asiyeongea, akawa anaongea kuanzia alfajiri hadi usiku, na kuna siku Mwanamkasi alitamani angenuna kidogo.

Dubow alitumia mwaka mzima kumbembeleza Isnino kwa kaka yake. Alikubaliwa, lakini kwa sharti kwamba aandikishe ndoa kwanza, ale baadaye.

Ninachotaka ubebe ni hiki. Kama jina lako limeandikwa katika ofisi yoyote, nenda ukasomewe ukiwa bado mzima na waliokuwepo bado wapo. Usiambiwe tu kwamba iko sawa. Mwache karani akasirike, mwache mstari nyuma yako ugune, wewe simama hapo akusomee jina lako, la mwenzako na la shahidi, mpaka uridhike.