Sauti ya Marehemu Ilikuwa Mali ya Darasa

Mume wangu alikuwa na miaka sita kaburini siku nilipomsikia akichekesha wanafunzi.

Naomba msinicheke. Nina akili zangu timamu, nasali, na hata dawa ya kikohozi siinywi kabla sijasoma karatasi yake mpaka mwisho.

Kazi yangu ni usafi, chuo kikuu. Ghorofa ya kwanza, vyumba vinne vya mihadhara na vyoo viwili. Shule niliishia ya msingi, kwa hiyo chuo mimi nakijua kwa sakafu yake.

Jumanne moja, saa nne asubuhi, napiga deki nje ya chumba namba tatu. Mlango umerudishiwa. Ndani nasikia mwanaume anasema:

“Mizani haina tatizo, bwana. Tatizo ni kidole.”

Darasa likaangua kicheko.

Dekio likaniponyoka.

Sauti ile naijua. Ina kamkwaruzo mwishoni, kama mtu anayeburuta kiti. Nimeishi nayo miaka kumi na tisa. Marehemu alikuwa fundi mizani, anazunguka madukani na masokoni kuzirekebisha, na hilo neno la kidole alilisema kila akitoka kwa muuza nyama.

Nikachungulia.

Mbele hakuna mtu zaidi ya Mwalimu, mwanamke mwembamba mwenye miwani. Sauti ilitoka kwenye spika za ukutani.

Kumbe anafundisha namna ya kumhoji mtu. Anaisimamisha sauti, anauliza, “Hapo mtangazaji kakosea wapi?” Wanajikuna vichwa. Anaiachia tena, mume wangu anaendelea kuongea kana kwamba hajawahi kufa.

Sasa jamani, alihojiwa redioni lini? Na kwa nini hakuniambia?

Hilo ndilo lililonikaa kooni. Yule mtu alikuwa ananisimulia hadi mbwa aliyembwekea njiani. Aende redioni halafu anyamaze?

Nyumbani sikuwa na wa kumwambia. Binti yetu ni mmoja, ameolewa mbali, ana watoto wadogo. Nilimpigia.

“Mama, watu wanafanana sauti,” akasema. “Pumzika, umechoka.”

Nikapumzika. Yaani nilikaa kitandani nikautazama ukuta.

Picha za marehemu ninazo tano. Sauti yake sikuwa nayo hata moja. Na niwaambie ukweli ambao mjane huona aibu kuusema: nilikuwa nimeanza kuisahau.

Mwalimu alikuwa na makundi manne, kila Jumanne kundi moja, somo lile lile. Nilijua kwa sababu ratiba imebandikwa mlangoni na mlango naufuta mimi.

Jumanne ya pili nilikuwa pale kabla yake. Mlango ule niliusugua mpaka rangi ikataka kubanduka. Nikashika kichwani mahali anapovuta pumzi, mahali anapokohoa, mahali watakapocheka. Wanafunzi wakicheka, na mimi nje nacheka, na ndoo yangu.

Walipotoka nikajikaza.

“Mwalimu, samahani. Huyo fundi ni mume wangu.”

Alivua miwani. “Huyu wa mizani?”

“Huyo. Naomba sauti yake niende nayo nyumbani.”

Akanivutia kiti. Mpaka leo namshukuru kwa kile kiti, maana aliyoyasema hayakufaa kusikilizwa ukiwa umesimama.

“Mama, pole sana. Lakini hiki kipindi si changu, ni cha kituo cha redio. Sheria inaturuhusu tukinakili na tukicheze darasani kwa kufundishia, basi. Wasikie wanafunzi na walimu, hapa hapa chuoni, na ile sehemu inayohusu somo tu. Nikikunakilia ukatoka nayo getini, nimevunja.”

“Hata kama ni mume wangu?”

“Hata kama angekuwa mume wangu mimi.”

“Na makundi yote yakimaliza?”

Akaangalia pembeni. “Naifuta, mama. Ruhusa tuliyonayo ni ya muhula huu.”

Zilibaki Jumanne mbili.

Baada ya Jumanne ya tatu, fundi mitambo alinikuta ngazini. Ni kijana, kila mtu anamwita Waya.

“Shikamoo mama. Nimesikia habari yako. Lete flashi, dakika mbili tu umeondoka na mzee wako.”

“Marahaba. Si imekatazwa?”

“Imekatazwa kwa anayejua. Nani atajua?”

Nilinunua flashi. Nilitembea nayo mfukoni wiki nzima, nikaishika kila nilipomwaga maji ya ndoo.

Jumanne ya nne, ya mwisho, darasa lilipotoka, Waya aliniingiza kwenye chumba chake kilichojaa nyaya. Akaichomeka. Kwenye kioo cha kompyuta kukatokea mstari unaojaa polepole.

Nikautazama ule mstari.

“Itoe,” nikasema.

“Mama! Imefika nusu!”

“Itoe, baba.”

“Wewe unamtaka mume wako au humtaki?”

“Namtaka kuliko unavyoweza kujua. Lakini ikifika saa ya sala nitapiga magoti nikiwa na kitu cha watu kabatini. Nitasema nini?”

“Mungu gani atakuandama kwa dakika saba?”

“Yule yule aliyenipa huyo mwanaume miaka kumi na tisa.”

Waya akaitoa. Aliitupa mezani kwa hasira, na hasira yenyewe ilikuwa ya huruma. Nami nilijua kesho yake inafutwa na sitaisikia tena.

“Basi nenda kwa wenyewe,” akanung'unika. “Si wapo?”

“Nitawajuaje?”

Akaigeuza diski yenye kile kipindi. Ilikuwa na karatasi ubavuni, imeandikwa kwa kalamu nyeusi: jina la kituo, jina la kipindi, tarehe kilipotangazwa.

“Sheria hiyo hiyo,” akasema. “Bila hii karatasi haturuhusiwi kuicheza hata sekunde moja.”

Niliinakili kwenye kiganja, nikashuka kwa Mwalimu. Akaniandikia barua hapo hapo na muhuri akagonga.

Kituoni nilienda na cheti cha ndoa na cha kifo. Walinipeleka kwa mtunza kanda, mzee wa sweta, chumba chake hakina dirisha.

“Wewe ni nani wake?”

“Mjane wake.”

Alisoma vyeti taratibu, kama anatafuta kosa. Kisha akapotea kati ya makabati. Nikahesabu matofali ya ukuta mara mbili.

Alirudi anapangusa vumbi kwenye boksi.

“Una bahati, mama. Za mwaka huo nyingi tulizifuta, tukarekodia mpira juu yake. Nitakupa nakala, utie saini kwamba ni ya kusikiliza nyumbani, si ya kuichezea hadhara.”

“Nitatia hata mbili.”

“Lakini sikiliza kwanza kama ndiye. Ni dakika ishirini na mbili.”

“Chuoni ilikuwa saba.”

“Wao walichukua ya somo lao.”

Akanivika hedifoni.

Mwanzo ulikuwa ule ninaoujua. Mizani, kidole, kicheko. Nikatabasamu. Zikapita zile saba.

Ndipo mtangazaji akauliza, “Fundi, wewe umetujia mwenyewe, hatukukufuata. Nini kilikuleta?”

Marehemu akamjibu:

“Nilisikia mnatafuta mafundi wa kuzungumza nao. Nikasema acha niende. Mke wangu yuko kwao, anamuuguza mama yake, mwezi wa sita huu. Nyumbani hakuna wa kumwambia lolote. Juzi nimejikuta naisimulia mizani.”

Mtangazaji akacheka. Yeye hakucheka.

“Mkeo umemweleza?”

“Nimwelezeje? Ana mgonjwa. Akinipigia anauliza, huko kwema? Namwambia kwema. Hiki kipindi pia msimwambie.”

Ndugu zangu.

Ile tarehe nilikuwa nimeiandika kwenye kiganja kwa mkono wangu mwenyewe na sikuipigia hesabu. Ulikuwa mwaka niliokaa kwa mama miezi minane. Nilimpigia kila Jumapili. Nilimweleza homa ya mama, vidonda vya mama, usingizi wa mama. Mwishoni nauliza, huko kwema? Ananijibu. Nakata simu nikimshukuru Mungu kwa mume asiye na makuu.

Hakunificha redio. Alinificha upweke wake, maana angesema alikwenda, ningemuuliza kwa nini.

Mtunza kanda aliniletea maji. Hakuniuliza kama ndiye.

Nilirudi nyumbani na nakala yangu, halali, na saini yangu chini. Sikuisikiliza siku ile. Nilikaa, na simu ikaita. Binti yangu, na kelele za wajukuu nyuma yake.

“Mama, hujambo? Huko kwema?”

Miaka sita nimeulizwa hivyo. Miaka sita jibu langu ni moja, ili nisimtwishe mzigo.

“Si kwema, mwanangu,” nikasema. “Nina upweke. Nyumba hii inanishinda.”



Nikasikia anawafukuza watoto, mlango unafungwa.

“Ngoja nikae chini, mama,” akasema. “Haya. Niambie.”

Funzo langu ni dogo. Wewe unayesoma hapa, yupo mtu anayekuuliza hali na wewe unamfunga mdomo kwa neno moja la heshima. Leo mwambie ukweli. Na wewe unayepiga simu, ukishajibiwa kwema, usikate. Uliza mara ya pili.