Vigelegele Ni Vitatu

Kwa miaka tisa niliimba nyuma ya watu. Ukiwa na kanda yoyote ya densi iliyotoka Nairobi wakati ule, na ndani yake kuna sauti ya mwanamke inayobeba kiitikio chote mgongoni huku mwanamume akisifiwa, kuna uwezekano mkubwa kwamba huyo ni mimi. Jina langu hulikuti popote. Hata kwenye kile kikaratasi cha ndani, pale wanapomshukuru Mungu, na mama zao, na jirani aliyewaazima waya wa stima, mimi simo.

Kwa hivyo, mwaka niliotimiza miaka thelathini na moja, prodyusa mmoja wa Lavington aliponiambia ana mdundo uliozishinda sauti za vijana wake wote, na angependa niujaribu mimi, peke yangu, mbele, sikujifanya mpole. Nilikubali kabla hajafunga mdomo.

Mdundo wenyewe ulikuwa pilau. Huyo kijana alikuwa amesoma ng'ambo, akarudi na kila kitu alichosikia huko. Chini kulikuwa na ngoma za Brazili, juu yake besi nzito ya Kijamaika, halafu gita la sebene la Kongo, na katikati filimbi ya Kihindi ambayo sikujua inatafuta nini, lakini ilikipata. Siku ya kwanza nilikuwa nimekaa kitako kwa kiti, na miguu ikaanza bila kuniuliza. Maneno niliyatunga kwa siku mbili nikikata matumbo ya ng'ombe kwenye kibanda cha mama yangu sokoni Dagoretti. Yalikuwa ya mwanamke anayeingia kwenye sherehe ambayo hakualikwa, anacheza mpaka wenyewe wanaanza kujiuliza kwani sherehe ni ya nani. Wateja walinikuta nikitikisa mabega na kisu mkononi. Mmoja alisema heri arudi baadaye.

Studio ilikuwa chumba cha mfanyakazi nyuma ya nyumba ya wazazi wa prodyusa, kuta zimefunikwa magodoro kuukuu. Tulirekodi sauti yangu asubuhi moja. Kisha akasema kiitikio kinataka shangwe za watu halisi, si za mashine. Nimletee akina mama wa kupiga vigelegele.

Nikamletea mama yangu na wenzake wanne wa kwaya ya kanisa letu Waithaka. Walikuja wamefunga vitambaa vya Jumapili. Askari wa geti aliwaandikisha kwenye kitabu mmoja mmoja, na mahali pa kuandika shughuli mama yangu aliandika "kuimba", kwa herufi kubwa, akamrudishia kalamu kama aliyetia sahihi hati ya shamba.

Ndani, prodyusa aliwapanga mbele ya maikrofoni. "Nataka vinne, akina mama. Moja, mbili, tatu, nne, halafu dada anaingia."

Wakatazamana.

Kwetu mtoto akizaliwa, wanawake hupiga vigelegele, na mtu aliye shambani ng'ambo ya mto akisikia husimamisha jembe na kuhesabu. Vikiwa vitano, ni mvulana. Vikiwa vitatu, ni msichana. Anajua, anaendelea kulima. Vinne havipo. Sijawahi kuvisikia, wala mama yangu, wala mama yake.

"Vinne ni vya nani?" mama aliuliza.

"Ni vya mdundo, mama. Mdundo unahesabiwa kwa nne."

"Wewe kijana, mimi nimezaa sita. Usinifundishe kuhesabu."

"Vinne ni mtoto ambaye hajaamua," akasema mmoja wa wenzake, na wote wakacheka mpaka wakashikana mikono. Prodyusa alicheka pia, kwa adabu tu, maana hakuwa ameelewa. Akajaribu kuwaeleza. Kwamba vitatu vitaacha shimo pale mahali pa cha nne, na vitano vitamwagikia sehemu inayofuata. Alipoona hawatikisiki akachomoa methali ya shuleni. "Mama, usipoziba ufa utajenga ukuta."

Mama yangu akageuka, akautazama mlango wa studio, akamtazama yeye. "Na huu mlango si shimo kwa ukuta? Mbona hujauziba?"

Haiya! Mama akanigeukia mimi. "Huu wimbo ni wa nani?"

Niliona haya, sijui kwa nini. "Ni wangu," nikasema. Sikuwa nimewahi kulisema hilo kuhusu wimbo wowote.

"Basi ni msichana."

Wakapiga vitatu. Nywele zilinisimama. Hata prodyusa aliinua macho kutoka kwa kompyuta yake, nikadhani tumeelewana.

Jumatano niliporudi kusikiliza, vilikuwa vinne. Alikuwa amechukua cha tatu, akakitoa kopi, akakibandika hapo.

Hasira zangu zinajulikana kutoka Waithaka mpaka Kawangware, na siku hiyo sikuzifungia nyumbani. "Hicho cha nne umekitoa wapi?"

"Ni kopi tu. Hakuna mtu atajua."

"Mama yangu atajua. Nusu ya Dagoretti itajua. Unataka waniulize nimezaa nini?"

"Dada, watu wa disko hawahesabu vigelegele. Wanacheza. Ukiwaachia shimo katikati ya wimbo wataketi chini, na wakiketi, wimbo umekufa." Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa anaamini anachosema, na kusema kweli alijua mambo ya disko kuliko mimi. Hapo ndipo alipoleta maneno yake ya mwisho. Jumamosi alasiri kulikuwa na disko mjini ya wanafunzi, soda tupu bila pombe, na dijei wake alikuwa rafiki yake anayependa kujaribu nyimbo mpya. Ataupiga wangu ukiwa na vitatu. Uwanja wa kuchezea ukijaa, vitatu vitabaki na wimbo utatoka kwa jina langu. Watu wakiketi, mdundo anampa kijana fulani ambaye picha zake zilikuwa zimebandikwa kila ukuta wa mji, na mimi nitaimba kiitikio nyuma yake.

"Sawa," nikasema. Nilisema upesi, huo ndio ubaya wangu. Nilipofika barabarani ndipo nikaanza kujiuliza. Vinne vingeniua nini? Ningekubali vinne, wimbo ungekuwa wangu leo, na mama yangu angenuna wiki moja yaishe. Nilifikiria hilo njia nzima. Lakini kila nikivisikia vile vinne kichwani, wimbo ulikuwa wa mtu mwingine tena.

Jumamosi nilivaa viatu vya kanisani kwa kuwa sikuwa na vingine vya maana. Ukumbi ulikuwa orofa ya pili, katikati ya mji, sakafu ya mbao, dijei amekaa juu kwenye kizimba kama mhubiri. Watoto walijaa, suruali pana za kufagia chini, wasichana wenye fulana fupi. Msichana mmoja aliniangalia kwa heshima kubwa akaniuliza, "Anti, umekuja kuchukua mtoto wako?"

Nikamjibu ndiyo.

Wimbo ukaanza. Zile ngoma za Brazili ziliwashika mara moja, na filimbi ilipoingia wakapiga mbinja. Nikaanza kupumua. Kisha kiitikio. Kigelegele, kigelegele, kigelegele, na pengo.

Uwanja ukajikwaa. Naapa niliwaona wakijikwaa, mguu mmoja hewani haujui uende wapi. Wengine walimwangalia dijei wakidhani CD imekwama. Wasichana wawili wakatoka kwenda kununua soda. Prodyusa alikuwa kando yangu, akiwahesabu wanaotoka. Kiitikio cha pili kikaja, mambo yakawa yale yale, vijana watano wakaenda kuegemea ukuta. Nilikuwa naomba Mungu na kumtukana prodyusa kwa pumzi moja. Niliiona kabisa ile picha ya kijana ukutani na mimi nyuma yake nikijibu "eeh".

Kiitikio cha mwisho nilikuwa nimekiandika kirudiwe mara nne mfululizo. Karibu na spika kulikuwa na msichana mnene wa fulana ya njano, jasho linamtiririka, hajaacha kucheza tangu mwanzo. Huyo alikuwa amehesabu. Kigelegele, kigelegele, kigelegele, na kwenye pengo akaruka juu, akatua na miguu yote miwili. Puu! Peke yake. Sakafu ikatikisika, wenzake wakaangua kicheko. Mara iliyofuata wakaruka kumi. Mara ya tatu, nusu ya uwanja, na wale wa soda wakarudi mbio na mirija midomoni. Mara ya mwisho hakukuwa na mtu ukutani. Waliruka wote pamoja, mia na ushee, na zile mbao zikalia mpaka nikaogopa tutaangukia orofa ya chini.

"Rudisha! Rudisha!" Dijei akaurudisha. Safari hii walilingoja pengo kuanzia mwanzo, wamekunja magoti, wananyamaza wote kwa nukta moja kisha puu! Akaurudisha tena. Prodyusa alikuwa ameshika kichwa kwa mikono miwili.

"Maze," akasema, "wanaruka kwa shimo."

"Utakuja Waithaka umwambie mama yangu. Mwenyewe. Kwa mdomo wako." Nilikuwa nalia na kucheka, na sikujali nani ananiona.

Dijei akapunguza sauti. "Nani ameimba hii?" akauliza juu ya kelele. "Si aje tumuone!"

Prodyusa alianza kuinua mkono kuelekeza, lakini nilikuwa nimeshampita. Niliwapenya wale watoto na viatu vyangu vya kanisa, nikapanda kizimbani, dijei akanigeuzia maikrofoni yenye shingo ya chuma ya kupindika. Nikasema jina langu. Halikusikika. Mwimbaji wa nyuma hufundishwa kusimama hatua mbili mbali, asije akaifunika sauti ya mwenye wimbo, na mwili wangu ulikuwa umesimama hapo hapo bila kuambiwa.

"Sogea, dada," dijei akasema. "Sogea karibu."

Nikasogea mpaka chuma kikanigusa mdomo, nikalitaja tena, lote, na la baba yangu juu yake.